Katizo la pamoja

Sisi tunaotengeneza kompyuta za mtumba hapa Mwanza tunasema IRQ tu, yakaisha. Neno la Kiswahili, katizo, lipo na linafaa, ila lina mtego. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, ukisema "kuna katizo" kila mtu angeelewa kwamba mtandao umekatika. Kwenye kompyuta, istilahi hii inatokana na kukatiza, kama mtu anavyokatiza mazungumzo: kifaa kinaipelekea prosesa ishara, nayo inaweka kando ilichokuwa ikifanya, inakihudumia, kisha inaendelea ilipoishia.

IBM PC/AT ya 1984 ilikuwa na njia 15 za makatizo zilizotumika. Matundu ya kadi ya PCI yalipokuja, vifaa kadhaa viliruhusiwa kutumia njia moja. Ndilo katizo la pamoja. Ni kama nyumba ya kupanga pale Mabatini, wapangaji kibao na geti moja: hodi ikipigwa, kila mmoja anachungulia kama mgeni ni wake. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, nayo lazima iulize kifaa chake kwanza, na kama hakikuita, iseme wazi kwamba katizo si lake.

Balaa huletwa na draiva iliyoandikwa kana kwamba inaishi peke yake. Draiva ya kadi ya mtandao inajiandikisha kwenye njia kabla haijaandaa kumbukumbu zake. Wakati huohuo flashi inachomekwa kwenye USB yenye njia ileile. Draiva inaitwa, inasoma anwani tupu, mashine inaganda. Linux ina kipimo kiitwacho DEBUG_SHIRQ kinachoiita draiva makusudi inapojiondoa kwenye njia ya pamoja, ili makosa ya aina hii yajulikane mapema. Draiva zote zikikana nako kuna hatari: kati ya makatizo 100,000, yasiyo na mwenyewe yakizidi 99,900, Linux inaandika "irq 11: nobody cared" na kuifunga njia. Kadi inanyamaza, mteja anaambiwa imeungua.

Inaniuma kuona mtu akinunua kadi nyingine, kisha inachomekwa kwenye tundu lilelile lenye njia ileile. Soma kwanza /proc/interrupts. Mstari wa 11 ukiwa na uhci_hcd (USB) na eth0 (kadi ya mtandao) pamoja, zima mashine, hamishia kadi kwenye tundu jingine, usome tena. Kadi za PCI Express kwa kawaida hutumia MSI, yaani katizo linaloandikwa kwenye kumbukumbu kama ujumbe. Kwenye hizo, hakikisha tu kwamba MSI haijazimwa.