Vitabu vya Siku vya Misioni na Ushuhuda Wake juu ya Ziwa

Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika habari za makanisa na shule, na za mapadre, watawa na makatekista waliotutangulia. Sisi tumepewa fungu dogo, nalo ni habari za karatasi. Msomaji asizidharau. Karatasi hizo zina ushuhuda juu ya ziwa letu ambao wataalamu wa nchi nyingi wanautafuta leo, na ukipotea hakuna mtu awezaye kuuandika tena.

Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika Kageye, upande wa kusini wa ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878. Mwaka 1883 ikaanzishwa misioni ya Kamoga katika nchi ya Bukumbi. Kardinali alikuwa ameagiza kwamba kila kituo kiwe na kitabu cha siku, yaandikwe humo mambo yote yaliyotokea. Hakuagiza hivyo kwa ajili ya elimu ya hali ya hewa. Alitaka kujua wanawe wanaishije na kazi inakwendaje. Walakini mtu akaaye kando ya ziwa, asafiriye kwa mtumbwi na kula mazao ya shamba la jirani yake, hawezi kusimulia siku zake pasipo kutaja mvua, jua, upepo na maji. Mvua zikikawia, ataandika. Ziwa likifunika njia ya pwani, ataandika. Likirudi nyuma hata mitumbwi ikakwama matopeni, ataandika pia, tena kwa manung'uniko.

Nambari hazikuwapo bado. Kipimo cha maji ya ziwa kilisimamishwa Entebbe mwaka 1896, na cha Jinja kikafuata baadaye. Habari zote za nyuma ya mwaka huo hatuna budi kuziokota katika maneno ya watu. Wa kwanza kuziokota kwa bidii hakuwa mtu wa huku. Alikuwa Bwana H. G. Lyons, mkuu wa idara ya upimaji katika Misri, nchi ambayo uhai wake wote ni Nili. Katika kitabu chake cha mwaka 1906 alikusanya ushuhuda wa wasafiri na wamisionari, akaona mwendo huu: karibu na mwaka 1878 ziwa lilikuwa limejaa sana, katika miaka iliyofuata likapungua, tangu 1892 hata 1895 likapanda tena, kisha likashuka hata mwaka 1902.

Ushuhuda huo ulikaa miaka mingi bila kuulizwa na wengi. Ndipo zikaja mvua za mwaka wa Uhuru. Tangu mwisho wa 1961 hata Mei 1964 ziwa lilipanda kadiri ya meta mbili na nusu, likameza mashamba, gati na nyumba za wavuvi. Watu wakatafuta mwenye kosa, na wengi wakaelekeza kidole Jinja, kwa kuwa huko bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954. Neno hilo halikuwa dogo. Kama bwawa ndilo lililolijaza ziwa, basi watu wa pwani zetu walikuwa na haki ya kudai. Kama ni mvua, iliwapasa wajue kwamba jambo hilo laweza kurudi. Mwaka 1966 mtaalamu Mwingereza H. H. Lamb aliyaweka maji ya miaka hiyo karibu na ushuhuda wa miaka ya 1870, na ikaonekana kwamba ziwa lilikwisha kujaa sana zamani, wakati ambapo hapakuwa na bwawa lolote. Mwaka 1986 Piper, Plinston na Sutcliffe walipiga hesabu ya maji yaingiayo na yatokayo, wakathibitisha kwamba mvua ndizo zilizolipandisha ziwa. Hata hivyo tusiliachie bwawa huru katika mambo yote. Katika miaka ya 2005 na 2006, ziwa liliposhuka mno, ukame ulikuwa na sehemu yake, na maji yaliyofunguliwa Jinja kupita kiasi yalikuwa na sehemu yake.

Hapa twapenda kueleza kwa nini ziwa lenyewe ni kipimo kikubwa cha mvua. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 68,800, na katika kila ndoo kumi za maji yaliingiayo, karibu nane huanguka kutoka mawinguni moja kwa moja. Kwa hiyo ajuaye kina cha ziwa mwaka baada ya mwaka aweza kukisia mvua za nchi nzima. Ndivyo walivyofanya Sharon Nicholson na mwenzake Yin mwaka 2001, walipolitumia ziwa kusoma mvua za karne ya kumi na tisa. Mama huyo wa Marekani amekusanya pia maneno ya wasafiri na wamisionari wa Afrika yote. Aligawa bara katika sehemu 90, na kila mwaka akaupa daraja moja kati ya saba, tangu ukame mkali hata mvua nyingi kupita kiasi. Neno la padre likageuka nambari.

Kugeuza huko kuna hatari zake. Mgeni aliyefika jana huiita kila mvua gharika. Njaa nayo si shahidi mwaminifu daima: katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa nchi hizi, na watu waliona njaa hata pale ambapo mawingu hayakukosa. Mwenye kusoma na alinganishe kituo na kituo, Bukumbi na Ukerewe, na asiyaache mapokeo ya wenyeji. Huko Ukerewe mtemi alitazamiwa kuleta mvua, na yasimuliwa kwamba wako walioondolewa kitini kwa sababu ya ukame. Kwa maoni yetu, orodha ya watemi ni kitabu cha mvua kwa namna yake.

Nambari nazo zahitaji uangalizi, pengine kupita maneno. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilionyesha meta 13.42. Mwaka 1964 kilikuwa kimeonyesha 13.41. Watu walitangaza kwamba ziwa limevunja kilele cha kale, na tofauti yenyewe ni sentimeta moja! Asemaye hivyo sharti ajue kwamba ubao wa kupimia haukusogezwa wala kuzama katika miaka 56, na kwamba futi za zamani ziligeuzwa meta pasipo kosa. Daraja la Kigongo hata Busisi, karibu na Bukumbi ile ile, lilifunguliwa mwaka 2025. Kwa mjenzi wa daraja au gati, swali la maji yalifika wapi siku yalipopanda kuliko zote si swali la wasomi.

Bahari kuu imepata huduma ya namna hii pia. Meli ya Kiingereza Challenger ilipima joto la bahari tangu 1872 hata 1876. Mwaka 2012 vipimo hivyo viliwekwa karibu na vya leo, ikaonekana jinsi bahari ilivyopata joto. Kwetu, J. F. Talling alipima maji ya vilindi vya ziwa miaka ya 1960 na 1961. Hecky na wenzake walipopima tena miaka thelathini baadaye, walikuta oksijeni ya vilindini imepungua sana. Na katika Ghuba ya Mwanza, Waholanzi wa Leiden walianza mwaka 1977 kuhesabu furu, kabla sangara hawajatawala. Wangalikawia miaka kumi, tusingalijua ni aina ngapi za furu zilizopotea.

Sasa turudi kwenye makabati yetu. Vitabu vya siku vilivyopelekwa kwa wakubwa vimehifadhiwa Roma. Lakini daftari za mvua, hesabu za mashamba na barua za parokia nyingi ziko huku, pamoja na mchwa. Idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na tangu hapo nakala iliyobaki parokiani yaweza kuwa ya pekee.

Tunawaomba maparoko wasichome daftari lolote kabla halijapigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada na maandishi ya pembeni, kwa maana pembeni ndipo yalipoandikwa mara nyingi kwamba kipimo kimehamishwa. Kazi ya kunakili vijana waiweza: mwaka 2020 huko Uingereza watu wa kujitolea 16,000 walinakili karatasi 65,000 za mvua kwa siku 16. Nao waonywe jambo moja. Mahali palipoachwa wazi pasiandikwe sufuri. Sufuri maana yake mvua haikunyesha. Nafasi wazi maana yake padre alikuwa safarini, au amelala na homa, na hakuna aliyekwenda kutazama kipimo.