Zaha, Maji na Likizo: Lanzarote Ilivyogeuka Kisiwa cha Mapumziko ya Familia

Lanzarote, kisiwa chenye eneo la kilomita za mraba 846 katika visiwa vya Canary, kiko chini ya Hispania kiutawala lakini kijiografia ni jirani wa Afrika, kwa kuwa pwani ya Moroko iko umbali wa takriban kilomita 125 tu. Familia kutoka Uingereza, Ujerumani na Ayalandi humiminika huko majira ya baridi yanapozibana kwao, zikifuata jua na bahari tulivu ambamo hata watoto wadogo huweza kuoga, na mara nyingi huelezwa kwamba uzuri wa kisiwa hicho ni kazi ya maumbile na ya msanii mmoja mwenye kipaji. Historia yenyewe ina mengi zaidi ya hayo, kwani bila wakulima wa karne ya 18 waliojifunza kuishi na volkeno, na bila mtambo wa maji uliosimikwa mwaka 1964, msanii huyo asingepata kisiwa cha kupamba wala wageni wa kukaribisha.

Usiku wa tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka katika eneo la Timanfaya, na kuanzia hapo hadi Aprili 1736 volkeno zililipuka kwa vipindi, zikimwaga zaha, yaani mwamba ulioyeyuka utokao tumboni mwa dunia, juu ya vijiji na mashamba yaliyokuwa na rutuba kuliko yote kisiwani. Takriban kilomita za mraba 200, karibu robo ya kisiwa, zilifunikwa. Andrés Lorenzo Curbelo, padri wa parokia ya Yaiza, aliandika kumbukumbu za matukio hayo hadi mwishoni mwa mwaka 1731, pale yeye na waumini wake walipolazimika kuhama, na maandishi yake yamewafikia wasomaji wa leo kupitia kwa mwanajiolojia Mjerumani Leopold von Buch. Milipuko mingine, midogo kuliko ile ya kwanza, ilitokea mwaka 1824.

Waliobaki, na wale waliorejea, waligundua kwamba changarawe nyepesi nyeusi zilizorushwa na volkeno, ambazo wenyeji huziita picón, hunyonya unyevu wa usiku na kuuzuia usikauke upesi mchana. Katika bonde la La Geria walichimba mashimo mapana hadi kuufikia udongo wa zamani uliokuwa umefukiwa, wakapanda mzabibu mmoja mmoja katika kila shimo, kisha wakajenga ukuta mfupi wa mawe wenye umbo la mwezi mwandamo ili kuukinga dhidi ya upepo wa kaskazini-mashariki usiokoma. Ngamia, walioletwa tangu karne ya 15 kutoka pwani ya Afrika, ndio waliolima na kubeba mazao. Ngamia haohao leo hubeba watoto wa wageni kwenye miteremko ya Timanfaya. Mandhari ambayo mgeni huipiga picha akidhani ni ya asili ni jasho la watu waliokuwa wakipambana na njaa, na ni haki waitwe wasanifu wa kwanza wa kisiwa hicho.

Hata hivyo, werevu wa wakulima haukuweza kukishinda kikwazo kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Lanzarote haina mto, na mvua inayonyesha kwa mwaka mzima ni milimita 150 hivi, kiasi ambacho katika miji mingi ya pwani ya Afrika Mashariki kinaweza kunyesha katika wiki chache za masika. Kwa karne nyingi watu walitegemea birika, yaani matangi yaliyochimbwa ardhini na kupakwa chokaa ili kuhifadhi maji ya mvua, na mvua zilipokosekana kabisa maji yaliletwa kwa meli kutoka visiwa vingine na kugawiwa kwa vipimo bandarini Arrecife. Kisiwa kilichoshindwa kuwanywesha watoto wake hakikuweza kujenga hoteli yenye mabafu na mabwawa ya kuogelea.

Suluhisho lilitokana na juhudi za Manuel Díaz Rijo, mhandisi wa meli mwenye asili ya kisiwa hicho, aliyeona kwamba teknolojia iliyokuwa ikiwapatia mabaharia maji ya kunywa katikati ya bahari ingeweza kuhamishiwa nchi kavu. Mtambo ulionunuliwa Marekani na kusimikwa mwaka 1964 ulichemsha maji ya bahari, ukanasa mvuke wake na kuupoza uwe maji yasiyo na chumvi, huku ukizalisha pia umeme, na ndio uliokuwa wa kwanza wa aina yake nchini Hispania kuhudumia mji. Baadaye njia hiyo ilipisha osmosisi ya kinyume, ambayo husukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi. Kila familia inayofungua bomba hotelini leo inakunywa matunda ya uamuzi huo, ingawa jina la mhandisi halitajwi mara nyingi kama linavyostahili.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo César Manrique, mchoraji aliyezaliwa Arrecife mwaka 1919, alirejea kutoka New York mwaka 1966 na kuungana na rafiki yake José Ramírez Cerdá, aliyeongoza halmashauri ya kisiwa kuanzia 1960 hadi 1974. Hispania ilikuwa imeufungulia utalii mlango, na minara ya saruji ilikuwa ikipanda Benidorm na kwingineko kwenye pwani ya Mediterania. Wawili hao walishikilia kwamba majengo ya Lanzarote yawe mafupi na meupe, milango na madirisha yapakwe rangi ya kijani au buluu kama desturi ya wenyeji, na mabango ya biashara yaondolewe barabarani. Pango la zaha la Jameos del Agua, makao ya kaa wadogo weupe wasioona, liligeuzwa mahali pa matembezi, na huko Timanfaya ukajengwa mkahawa ambao nyama yake huchomwa kwa joto litokalo ardhini.

Hoteli zilifuata pwani iliyokingwa na upepo. La Tiñosa, kijiji cha wavuvi upande wa kusini-mashariki, kilikua na kuwa Puerto del Carmen yenye fukwe ndefu zisizo na kina cha ghafla. Costa Teguise ilianza na hoteli ya Las Salinas mwaka 1977, ambayo bustani na mabwawa yake yalibuniwa na Manrique. Playa Blanca, kusini kabisa, ilipata kuta za mawe baharini kwenye ufukwe wa Flamingo ili maji yawe shwari kwa watoto.

Mafanikio hayo yaliamsha tamaa. Mwaka 1986 Manrique alitoa tamko la kutaka ujenzi usitishwe, na mwaka 1991 halmashauri ilipitisha mpango wa matumizi ya ardhi uliopunguza idadi ya vitanda vya wageni vilivyoruhusiwa. Msanii alifariki katika ajali ya gari mwezi Septemba 1992, mwaka mmoja kabla ya UNESCO kukitangaza kisiwa chote kuwa hifadhi ya bayosfia, hadhi ambayo eneo la Malindi na Watamu nchini Kenya lilikuwa nayo tangu 1979. Hifadhi ya namna hiyo hukusudia watu na viumbe vingine waishi pamoja bila upande mmoja kuumaliza mwingine. Licha ya hadhi hiyo, hoteli kadhaa za Playa Blanca na Costa Teguise zilijengwa kwa vibali ambavyo mahakama zilikuja kuvibatilisha, na kesi zake zikadumu miaka mingi.

Wakazi wapatao 160,000 sasa hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, huku sehemu kubwa ya maji yanayozalishwa kwa gharama kubwa ikipotea katika mabomba yaliyochakaa. Tarehe 20 Aprili 2024 maelfu ya watu waliandamana katika visiwa vyote vya Canary wakidai utalii uwekewe kikomo, na miongoni mwa madai yao yalikuwa makazi wanayoweza kuyamudu kwa mishahara yao.