Msimu wa Nyumbu, Mwaka wa Wageni

Katika nchi ambayo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti, mwaka ulihesabiwa zamani kwa mvua, kwa mavuno na kwa nyumbu. Mtama na ulezi vilikuwa na miezi yao. Ng'ombe walikuwa na malisho ya masika na malisho ya kiangazi. Na nyumbu walipotokea kusini, mtu aliacha jembe akashika upinde. Siku hizi, katika nchi hiyo hiyo, kuna maisha yasiyojua msimu. Juu ya kilima cha Sasakwa, katika Pori la Akiba la Grumeti, wageni hupokewa Januari kama wapokewavyo Julai, na bei ya usiku mmoja kwa mtu mmoja hupita dola 1,000 za Marekani. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi nchi ya misimu ilivyogeuka mahali pa mapumziko ya mwaka mzima, na kuuliza ni nani katika mageuzi hayo aliyekuwa mwenyeji, na nani mgeni.

Biashara ya kuuza mapumziko ya mwaka mzima ina mfano wake mashuhuri katika milima ya Alpi, nchi ya Uswisi, nasi twaweza kuanza huko ili tupate cha kulinganisha. Kijiji cha St. Moritz kilikuwa kikipata wageni wakati wa joto tu, waliofuata hewa yake na maji ya chemchemi; theluji ilipoanguka, wageni waliondoka. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza warudi wakati wa baridi, na kama hawatafurahi, yeye mwenyewe atalipa gharama ya safari yao. Walirudi, wakakaa mpaka karibu na Pasaka. Theluji iliyokuwa adui wa mkulima ikawa mtaji wa mwenye hoteli. Na mwaka wa 1928, na tena mwaka wa 1948, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilichezwa kijijini hapo. La kuangaliwa katika habari hii ni kwamba aliyetoa mwaliko alikuwa mtu wa milima ile ile. Mwenyeji ndiye aliyeubadili msimu wake.

Upande wa magharibi wa Serengeti mambo hayakwenda hivyo. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, na kaskazini yao Wakuria, walikuwa wakulima, wafugaji na wawindaji kwa pamoja. Nyama iliyokaushwa na mikia ya nyumbu ilikuwa bidhaa. Ilichukuliwa mpaka Usukuma ikabadilishwa kwa mifugo na nafaka. Kwa hiyo msimu wa nyumbu ulikuwa ghala la mwaka wa ukame. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyumbu kwa mpigo mmoja, na njaa kuu ikafuata. Watu walipungua, vichaka vikaota penye mashamba, na mbung'o wakaenea. Wazungu waliokuja baada ya msiba huo waliona mahame wakadhani ni nchi isiyopata kukaliwa na mtu. Kosa hilo la macho lilizaa matokeo makubwa, kwa maana sheria nyingi zilizofuata zilijengwa juu yake.

Mwaka wa 1951 Serengeti ilikuwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka wa 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, Wamasai wakahamishwa kutoka ndani ya hifadhi, na mwaka huo huo kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael vilitangaza duniani kote kwamba Serengeti haitakufa. Mwaka wa 1965, Tanzania ikiwa huru, nchi ya Lamai, iliyo baina ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, iliongezwa katika hifadhi. Mkuria aliyezoea kulisha ng'ombe huko akawa mhalifu kwa kuvuka alama ya mpaka, na Mwikoma aliyetega nyumbu kama babu yake akaitwa jangili. Nyumbu hawakubadili njia yao. Ni jina la yule aliyewangoja njiani lililobadilika.

Haifai, hata hivyo, kuisimulia habari hii kama hadithi ya dhuluma peke yake. Nyumbu waliohesabiwa kama 250,000 mwaka wa 1961 walikaribia milioni 1.3 kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, na sababu yake yafaa ijulikane: sotoka ilikoma kwao kwa kuwa ng'ombe wa wafugaji walioizunguka hifadhi walichanjwa. Umati ule ambao mgeni huvuka bahari kuja kuutazama ulitokana kwa sehemu kubwa na zizi la mwanakijiji. Vilevile ni kweli kwamba tanzi za waya na biashara kubwa ya kitoweo, kama zingeachwa bila kizuizi, zingeweza kuwamaliza wanyama ambao pinde za zamani hazikuwamaliza.

Sasa tuje kwenye hoteli. Boma walilojenga Wajerumani pale Ikoma liligeuzwa hoteli, na baada ya Shirika la Utalii la Tanzania kuundwa mwaka wa 1969, serikali ilijenga hoteli nyingine za hifadhini, mathalani ile ya Lobo iliyowekwa katikati ya majabali. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakunyamaza. Mwaka wa 1970 mjadala mkali ulitokea gazetini: je, nchi iliyotangaza ujamaa mwaka wa 1967 yaweza kujenga uchumi wake kwa kuwatumikia matajiri wanaostarehe? Issa Shivji aliukusanya mjadala huo katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1973. Jibu la kwanza, hata hivyo, lilitolewa na siasa ya nje. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa, na hoteli za kaskazini zilizotegemea magari ya kutoka Nairobi zikabaki na vitanda vitupu.

Mlango ulifunguliwa tena kwa namna nyingine katika miaka ya 1990, wenye mitaji binafsi walipokaribishwa. Mapori ya Akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa mwaka wa 1994. Tangu mwaka wa 2002 eneo la ekari zipatazo 350,000 huko Grumeti limo katika uangalizi wa taasisi iliyoanzishwa na tajiri wa Marekani, Paul Tudor Jones, na mwaka wa 2006 hoteli ya Sasakwa ilifunguliwa chini ya kampuni ya Singita. Hapo ndipo hesabu ya mwaka mzima ilipokamilika. Nyumbu huzaa kusini mwezi wa Februari. Mei na Juni hupita magharibi kando ya Mto Grumeti. Kuanzia Julai mpaka Oktoba huwa kaskazini, wakivuka Mto Mara kwenda Lamai na kurudi. Novemba huteremka tena kusini. Kambi nyingine za mahema huwafuata. Hoteli ya mawe haiwezi kuhama, kwa hiyo yapasa impe mgeni sababu ya kuja nyumbu wakiwa mbali: simba wasiohama, farasi, viwanja vya tenisi, na mandhari ya mbuga kutoka kilimani.

Na vijiji je? Vijiji vitano, yaani Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Nata-Mbiso, viliungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambayo jina lake limetokana na Ikoma na Nata. Kabla ya hapo Robanda ilikuwa ikipatana yenyewe na wenye kambi. Ada za wageni huingia katika mfuko wa jumuiya, na vijana hupata kazi za upishi, udereva na ulinzi wa wanyama. Mapato haya si haba. Lakini sheria na bei hutoka mbali, na tembo huvuka mpaka usiku akala shamba la mtama la mtu asiye na kitanda cha kukodisha. Udhaifu wa mpango huu ulionekana mwaka wa 2020 kwa ajili ya UVIKO-19: watalii waliokuja Tanzania, waliopita milioni 1.5 mwaka wa 2019, walishuka wakawa kama 620,000. Mwaka usiokuwa na msimu ulikuwa umepata msimu wa njaa, nao haukutangazwa na mawingu wala na upepo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa hotelini aghalabu hangoji siku hiyo. Huondoka usiku wa tatu, na kitanda chake hulaliwa na mwingine. Hivyo wageni wote kwa jumla huwa mkazi wa daima ambaye hakuna awezaye kumpa jembe. Badrutt alimwalika mgeni nyumbani kwake, akapanga masharti na kuvuna faida. Huku Mara mwaliko ulitolewa kwa jina la watu ambao hawakuulizwa. Ikona ni mwanzo wa kulirekebisha hilo, na haki yake itapimwa kwa swali jepesi: je, wanakijiji wa Robanda waweza kukataa mkataba wasioupenda, nao wakasikilizwa? Siku watakapoweza, watakuwa wenyeji. Mpaka hapo, katika nchi walimozikwa babu zao, wao nao ni wageni, tena wageni wasiopangiwa chumba.