Hadithi Moja, Kaseti Mbili: Suala la Tamati katika Pokémon Nyekundu na Kijani

Tarehe 27 Februari 1996, kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani michezo miwili ya mashine ya mkononi ya Game Boy: Pokémon Nyekundu na Pokémon Kijani. Mandhari, wahusika na msuko wa kaseti hizo ni vilevile. Zinatofautiana hasa katika mazimwi ambayo mchezaji anaweza kuyanasa: Growlithe hupatikana katika Nyekundu pekee, Vulpix katika Kijani pekee. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo, licha ya faida yake ya kibiashara, ulikuwa uamuzi wa fani uliobadilisha dhana ya tamati.

Chimbuko la uamuzi huo ni Satoshi Tajiri, mwasisi wa jarida la Game Freak (1983) lililokuja kuwa kampuni mwaka 1989. Tajiri alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu katika mashamba na vidimbwi ambavyo baadaye vilimezwa na majengo. Game Boy ilipozinduliwa mwaka 1989, waya wake wa kuunganishia mashine mbili ulitumika aghalabu kwa mashindano. Tajiri aliuona kama njia ya wadudu kutambaa kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine. Kazi ilichukua takribani miaka 6. Wazo la matoleo mawili kwa kawaida huhusishwa na Shigeru Miyamoto wa Nintendo.

Athari yake kiusimulizi ni kuwapo kwa tamati mbili. Mchezaji aliye peke yake anaweza kuwashinda mabingwa wote na msuko ukafika kikomo. Hata hivyo, mwanzoni mwa safari Profesa Oak humkabidhi shujaa jukumu la kujaza kitabu cha viumbe wote, na jukumu hili halitimiziki kwa kaseti moja. Isitoshe, viumbe wanne, Kadabra akiwa mmojawapo, hawafikii umbo lao la mwisho pasipo kubadilishwa na mtu mwingine.

Mabadilishano hayo huacha alama katika matini. Kila kiumbe hubeba jina la aliyemnasa kwanza, na jina alilopewa na mwenyewe wa awali haliwezi kubadilishwa na mpokeaji. Hivyo orodha ya mchezaji huwa pia kumbukumbu ya watu aliokutana nao.

Mhakiki anaweza kupinga kwamba huu ni ujanja wa kuuza kitu kimoja mara mbili. Pingamizi hili lina uzito: mtoto asiye na jirani mwenye kaseti ya pili alinyimwa tamati aliyoahidiwa, na desturi ya kutoa matoleo pacha iliendelezwa hadi Scarlet na Violet mwaka 2022. Lakini pingamizi hilo halielezi kwa nini waundaji waliuacha msuko ukamilike kwa kaseti moja na kukifanya kitabu peke yake kimtegemee mwenzi. Walitenga ushindi, ambao ni wa mtu mmoja, na ukamilifu, ambao ni wa wawili.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, mpango huu si mgeni. Mtegaji wa kitendawili hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Tega". Mwaka 1996 kanuni hiyo ilijitokeza upya ndani ya mashine iliyoundwa kushikwa na mtu mmoja.