Munyu wa Wazee na Chumvi za Shule

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa namna za kutengeneza chumvi, akaziandika katika daftari, akazikariri kwa ajili ya mtihani. Akirudi nyumbani akasikia kwamba bibi yake alipika munyu wa majivu, yeye hucheka. Twataka kumwonyesha kwamba anamcheka mwalimu wake wa kwanza.

Zamani, katika sehemu nyingi za Kongo zilizo mbali na bahari, wazee walikata majani ya mabwawani, wakayakausha, wakayachoma. Majivu waliyatia katika kikapu au chungu kilichotobolewa chini, wakayamwagia maji. Maji yalichukua kile kinachoyeyuka; kisichoyeyuka kilibaki juu. Kisha waliyachemsha maji hayo mpaka yakakauka, na munyu ukabaki chunguni. Huo ulikuwa hasa chumvi za potasi. Basi, kuyeyusha, kuchuja, kukausha: ndizo kazi zile zile za maabara.

Katika Ulaya vilevile mikono ilitangulia maelezo. Mjerumani Johann Rudolf Glauber (1604-1670) alichanganya chumvi ya chakula na asidi ya sulfuriki, akapata chumvi nyingine iliyotumiwa kama dawa ya kuharisha. Ndipo mwaka 1754 Mfaransa Guillaume-François Rouelle akaeleza kwamba chumvi huzaliwa asidi inapoungana na kitu kingine, alichokiita besi. Jina hilo latumika mpaka leo.

Mwenye kutaka kutengeneza chumvi aulize kwanza: je, yayeyuka katika maji? Ikiwa yayeyuka, huweza kutia besi isiyoyeyuka katika asidi, kidogo kidogo, mpaka nyingine ibaki chini bila kuisha. Huchuja, hupunguza maji kwa moto, huyaacha yapoe, na fuwele hutokea. Ikiwa haiyeyuki, huchanganya maji ya chumvi mbili zinazoyeyuka. Ile mpya huanguka chini kama mashapo. Huichuja, huiosha, huikausha.

Mashapo hayo si mchezo wa watoto wa shule. Mwaka 1832 Gay-Lussac, mtaalamu wa Paris, aliyatumia kupima fedha ya sarafu. Aliyeyusha fedha katika asidi ya nitriki, akaimwagia maji ya chumvi ya chakula mpaka mashapo meupe yakakoma kuanguka. Kwa kipimo cha maji aliyotumia, alijua kiasi cha fedha iliyomo.

Nasi katika Katanga tunalo jiwe la kijani, malakiti. Ni chumvi ya shaba isiyoyeyuka katika maji. Wazee walilitia katika tanuru za udongo pamoja na makaa, wakapata shaba. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, kilianza kuliyeyusha kwa asidi ya sulfuriki. Shaba huingia majini, mawe mengine hubaki, kisha umeme huitoa shaba safi. Ni somo lile lile la shule, ila chombo ni kikubwa.

Mungu Muumba ameweka sheria moja katika chungu cha bibi na katika kiwanda. Kwa hiyo, kijana, ukienda likizo, keti karibu na wazee. Uliza ni majani gani waliyachoma, na maji waliyapitisha mara ngapi. Andika majibu katika daftari lile lile la kemia. Wanaojua wanapungua kila mwaka, na kaburi halijibu maswali.