Watu na Ardhi katika Milima ya Usambara

Milima ya Usambara Magharibi imekuwa na watu wengi kuliko nyika inayoizunguka tangu kabla ya ukoloni. Mvua na migomba iliwavuta Washambaa kuishi juu, na mfalme wao Kimweri ye Nyumbai aliwatawala kutoka makao yake ya Vugha hadi alipofariki mwaka 1862. Baada yake, vita vya kugombea utawala na biashara ya utumwa viliwatawanya wengi.

Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto milimani humo Wilhelmsthal, walitenga misitu na mashamba ya walowezi, na ardhi ya wenyeji ikapungua. Udongo ukachoka. Mwaka 1946 Waingereza, waliotawala baada yao, walianzisha mpango wa Mlalo wa kuzuia mmomonyoko, uliowalazimisha wakulima kutengeneza matuta. Wakulima waliupinga vikali, na haki ilikuwa upande wao: kazi ilikuwa nzito, na shamba halikuongezeka hata hatua moja.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, zaidi ya 100 kwa kilomita moja ya mraba. Wastani wa Tanzania ulikuwa 51. Hapo ndipo ulinganishi wa mataifa unapopotosha. Tanzania, yenye watu milioni 61.7 mwaka 2022, huonekana kuwa na nafasi tele ikiwekwa kando ya Rwanda yenye watu milioni 13 kwenye eneo dogo sana. Lakini mkulima wa Soni au Mlalo wilayani Lushoto, anayerithi kipande kilichokwisha kugawanywa kwa ndugu zake, anaishi maisha yaliyo karibu zaidi na ya Rwanda. Ndiyo maana vijana wengi hushuka Mombo, Tanga na Dar es Salaam kutafuta riziki.