Land Rover Kuukuu na Mahali Pasipo Barabara

Historia ya vyombo vya safari huandikwa mara nyingi kama historia ya viwanda: nani alibuni, mwaka gani, na magari mangapi yalitoka. Historia hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni ya mafundi wa gereji, ambao hulipokea gari likiwa limekwisha kuzeeka, wakalifungua, wakalipunguza hapa na kuliongeza pale, mpaka likafaa kwa ardhi ambayo waliolibuni hawakupata kuiona. Katika makala hii tutaitazama nusu hiyo ya pili kwa kufuata gari moja, yaani pikapu ya Land Rover ya aina za zamani. Tutajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo yote imeongozwa na kanuni moja: gari haliishindi ardhi kwa ubavu, bali kwa wepesi na kwa mshiko wa magurudumu. Fundi anayeisahau kanuni hiyo hahatarishi gari peke yake, bali na watu waliokaa nyuma.

Kanuni kabla ya gari

Kanuni hiyo ilijulikana kabla Land Rover haijazaliwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza, alisafiri pamoja na wenzake katika jangwa la Misri na Libya kwa magari ya kawaida ya Ford, ambayo nguvu ya injini ilifika kwenye magurudumu ya nyuma tu. Waliondoa kila kisichohitajiwa. Walipunguza upepo katika matairi ili yatandazike juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Walichukua mabamba marefu ya chuma ya kutandika chini ya magurudumu gari linapokwama. Tena walifunga mpira kutoka kwenye rejeta hadi kwenye debe la maji, ili mvuke uliotoka usipotee, bali ugeuke tena kuwa maji na kurudi ulikotoka.

Maarifa hayo ndiyo aliyoyatumia Bagnold mwaka wa 1940 alipoanzisha mjini Cairo kikosi cha doria za masafa marefu jangwani, kilichojulikana kama Long Range Desert Group. Malori ya kwanza ya Chevrolet yaling'olewa milango na vioo vya mbele. Baadaye kikosi kilipewa malori ya Ford yaliyoendeshwa kwa magurudumu yote manne, na mtu angedhani kwamba sasa shida zimekwisha. Haikuwa hivyo. Malori hayo yalikunywa petroli nyingi mno, na mwaka wa 1942 yalibadilishwa kwa Chevrolet nyepesi zenye nguvu katika magurudumu mawili tu. Tukio hili dogo lina fundisho kubwa. Kila nguvu inayoongezwa lazima ilipiwe kwa mafuta, kwa uzito, au kwa vyote viwili.

Kuzaliwa kwa Land Rover

Wakati wa Vita Kuu vya Pili Marekani ilitengeneza gari dogo la jeshi liitwalo jeep. Zaidi ya 600,000 zilitoka katika viwanda vya Willys na Ford. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na jeep moja katika shamba lake kisiwani Anglesey, nchini Wales. Mwaka wa 1947 yeye na nduguye Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, waliazimia kuunda gari la mkulima lililofanana nayo. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mnamo Aprili 1948.

Lilikuwa gari la kiasi. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80, na injini yake ya petroli ilitoa nguvu za farasi 50 hivi. Kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa mgao baada ya vita, bodi iliundwa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine. Kilichoanza kwa sababu ya uhaba kiligeuka kuwa sifa, kwani alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma. Mwaka wa 1954 ilitoka aina ndefu ya inchi 107, nayo ndiyo iliyokuwa pikapu hasa, yenye kibanda cha dereva mbele na sanduku la mizigo nyuma. Mwaka wa 1956 urefu huo uliongezwa ukawa inchi 109. Springi za bapa, zilizopangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu, ziliendelea katika aina za Series I, II na III mpaka mwaka wa 1985.

Kazi ya fundi

Fundi aletewapo pikapu ya namna hiyo, kazi ya kwanza si kuongeza kitu, bali kukagua chesisi. Bodi ya alumini huweza kung'aa miaka hamsini, huku chesisi ya chuma iliyoko chini ikiliwa na kutu kutoka ndani, ambako jicho halifiki. Waswahili wa pwani walikwisha kusema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Hakuna faida ya kufunga vifaa vya thamani juu ya mifupa iliyooza.

Baada ya chesisi huja springi. Mabapa ya zamani yakishika kutu husuguana, yakagandamana, na gari likawa gumu kama mkokoteni. Wenye gari wengi huomba waongezewe mabapa ili wabebe zaidi. Lakini springi ngumu hulinyanyua gurudumu kutoka ardhini kila penye shimo, na gurudumu lililo hewani halivuti kitu. Kwa hiyo mafundi wengine hufunga springi za mabapa machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, ambayo hayasuguani sana. Hizo hulishusha gurudumu shimoni na kuliacha likiendelea kugusa udongo.

Matairi makubwa hupendwa kwa sababu huliinua gari, lakini hesabu yake yafaa ieleweke. Tairi lililozidi jingine kwa sentimeta 10 za kipenyo huinua ekseli kwa sentimeta 5 tu, huku likizidisha mzigo juu ya mihimili inayopeleka nguvu magurudumuni. Katika Land Rover za zamani mihimili ya nyuma inajulikana kwa kukatika. Mara nyingi dawa iliyo nafuu ni ile ya Bagnold: kupunguza upepo penye mchanga au matope, na kuujaza tena kabla ya kurudi katika barabara ngumu, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Kisha kuna difu, yaani gia zilizoko kwenye ekseli, ambazo huyaruhusu magurudumu ya pande mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti gari likatapo kona. Wema huo una kasoro yake. Gurudumu moja likikosa mshiko, lenyewe ndilo hupokea mzunguko wote, likazunguka bure huku mwenzake amesimama. Ndiyo maana gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne laweza kukwama: inatosha gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yateleze. Kufuli ya difu huyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Ni kifaa kidogo, lakini chafaa kuliko injini kubwa.

Penye mito, adui mkubwa ni maji yanayonyonywa na injini kupitia njia ya hewa, kwani maji hayagandamizwi kama hewa, na yakiingia ndani huweza kupinda vyuma vya injini. Hivyo bomba la hewa huinuliwa mpaka usawa wa paa. Ekseli nazo, zikiwa na moto na kuzamishwa ghafla katika maji ya baridi, huvuta maji yakachanganyika na oili. Huwekewa mpira mwembamba wa kupumulia uliopandishwa juu. Hata hivyo bomba halimfundishi dereva kina cha mto. Mwenda pole hajikwai, na gia za chini zilizokuwamo katika Land Rover tangu mwanzo ziliwekwa kwa ajili ya mwendo huo.

Mfano wa mwaka wa 1968

Mfano mashuhuri wa kazi hii ni Land Rover 72 za inchi 109 zilizofanyiwa mabadiliko na kampuni ya Marshall ya Cambridge mwaka wa 1968 kwa ajili ya kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza. Zilipakwa rangi ya waridi, ambayo hufichika jangwani alfajiri na magharibi. Ziliondolewa milango na paa, zikapewa springi madhubuti zaidi na matangi ya kuchukua karibu galoni 100 za petroli. Msomaji ataona kwamba kila kilichoongezwa kilikuwa na kazi iliyojulikana, na kilichoweza kuondolewa kiliondolewa.

Watu walioko nyuma

Hapa ndipo suala linapotoka katika gereji na kuwahusu watu wote. Mahali ambapo barabara huishia kwenye matope, pikapu haibebi magunia tu. Hubeba mgonjwa, mzazi anayekwenda kujifungua, mbegu za msimu na vitabu vya shule. Gari likiinuliwa juu, kisha likawekewa kichanja kizito cha chuma juu ya paa na watu wakajazwa nyuma, uzito wake wote hupanda, na mteremko wa ubavu uliokuwa salama jana hulipindua leo. Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili: farumi hukaa chini, na shehena ikizidi hutoswa baharini kabla chombo hakijazama. Gari lililotengenezwa kwa kutazamwa linaweza kupendeza mjini, lakini kipimo chake ni kule njiani, na wanaopimwa pamoja nalo ni abiria ambao hawakuulizwa.

Neno kwa walimu

Nasi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Kiswahili kilipokutana na gari hakikunyamaza. Kilichukua difu, springi, ekseli, chesisi na jeki kutoka Kiingereza, lakini palipokuwa na neno la kale kilitumia la kale: usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujashikwa na dereva. Tukiwafundisha wanafunzi maneno haya bila kazi zake, tutakuwa tumewapa maganda. Mwanafunzi aelezaye kwa Kiswahili sanifu kwa nini gurudumu moja huzunguka bure, huyo amejifunza lugha na ufundi kwa pamoja.

Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa gari la mwisho la ukoo huu wa zamani mnamo Januari 2016. Lakini mnamo Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, kuukuu kwa mpya, yalikusanyika mjini Arusha, Tanzania, yakapita kwa msafara. Magari ya umri huo hayakufika hapo kwa kazi ya kiwanda peke yake. Yalifikishwa na mikono ya mafundi wengi wasiotajwa majina, waliojua cha kuongeza na, zaidi ya hapo, waliojua cha kuondoa.